Nati Nimekaza Mwenyewe

Wapendwa, kaeni vizuri. Wale wa nyuma sogeeni mbele, nafasi ipo, na mwenye mtoto anayelia asitoke nje, sauti yangu inamshinda. Leo nina habari ya bwana mmoja na pikapu yake, na nawaonya mapema kwamba mtacheka. Chekeni tu! Ila mwishoni nitawageukia, na hapo nitatazama ni nani bado anacheka.

Alikuwapo bwana mmoja, mkulima wa chai na ndizi kule kwenye miteremko ya Rungwe. Jina lake tuliache. Mkewe alimwita Baba Sekela, na sisi tumwite hivyohivyo. Bwana huyu alijaliwa pikapu. Ilikuwa kuukuu, mlango wa kushoto haufunguki mpaka mtu wa nje akusaidie, lakini jamani, alivyoipenda! Aliiosha hata siku ambayo haikwenda popote. Mtu akiegemea boneti, yeye anakohoa mpaka mtu huyo aondoke.

Siku moja akaona kwenye simu jamaa fulani anabadilisha oili ya gari lake nyumbani. Anapiga mluzi, anamaliza, anafuta mikono, basi. Baba Sekela akaruka kutoka kitini.

"Kumbe ni hivi tu? Mafundi wa mjini walikuwa wananifanya mtoto! Kuanzia leo oili ya gari hili namwaga mwenyewe."

Akanunua galoni ya oili mpya, akaazima spana, akaingia uvunguni mwa gari. Akafungua nati ya kumwagia oili, ile iliyo chini kabisa ya injini, akaiweka juu ya tofali. Oili ya zamani ikashuka kwenye beseni, nyeusi tititi, mpaka ikaisha. Akalipeleka beseni nyuma ya jiko, akarudi anaimba pambio. Pambio gani sijui, lakini lilikuwa la ushindi. Akafungua boneti, akaanza kumimina oili mpya.

Mkewe alikuwa mlangoni anachambua mboga. Akaangalia gari, akaangalia tofali.

"Baba Sekela, kile kidude ulichokiweka juu ya tofali mbona bado kipo?"

"Mama Sekela, nyamaza kwanza. Hii kazi haitaki maneno mengi."

Mama akanyamaza, na baba akamimina. Akamimina galoni yote, wapendwa, mpaka tone la mwisho, akaitikisa, akaipiga kofi kitakoni. Alipoinama kuokota kifuniko akaona kuku wake wanateleza. Ile oili nzuri, rangi ya asali, ilikuwa imeingia juu ikatokea chini, inaelekea kwenye migomba! Na nati iko juu ya tofali, inamtazama.

Chekeni, hata yeye alicheka baadaye. Siku ile alichota majivu jikoni akafukia, na mkewe alipopita hakusema neno. Angesemaje? Si aliambiwa anyamaze?

Sasa nawauliza, bwana huyu alijifunza au hakujifunza? Alijifunza sana! Tangu siku ile, kila akiifungua ile nati aliifunga kwa kamba kwenye usukani, asije akashika usukani bila kuiona. Hiyo ni akili, tusimnyime haki yake. Akawahadithia watu kwenye kituo cha kupimia chai, akawahadithia hata msibani, watu wanalia yeye anaeleza nati. "Kosa si kosa, ndugu zangu, kosa ni kurudia kosa!" Na kweli, hakuisahau tena. Kila alipobadilisha oili aliikaza mpaka spana inalia.

Basi sikilizeni, maana habari yenyewe inaanzia hapa.

Bwana huyu alikuwa na mama yake mzazi. Miguu ya mama ilishakataa vilima, na kanisa lao liko juu kabisa. Kwa miaka alikuwa anasikia kengele tu, anaimba peke yake kibarazani. Mwaka ule mgomba alioupanda kwa mkono wake nyuma ya nyumba ukazaa mkungu mdogo, mwembamba, lakini ndizi zake zimenona. Mama akausimamia kama anayelea mjukuu. Ndege akitua, anamfukuza kwa fimbo.

"Huu ni wa Sikukuu ya Mavuno," akasema. "Siuuzi, siuli, wala simtumi mtu. Nataka nikautoe mwenyewe mbele ya madhabahu. Mwakani sijui kama nitakuwepo."

Mwanawe moyo ukamruka kwa furaha. Akapiga goti mbele ya mama yake. "Mama, na gari lipo! Nitakupandisha mpaka mlangoni pa kanisa, mguu wako usikanyage hata jani."

Jumamosi ya kuamkia Mavuno akasema gari litakalombeba mama lazima linywe oili mpya. Na safari hii akabadilisha na filta, kile kikopo cha kuchujia oili kilichobanwa ubavuni mwa injini. Filta hakuwahi kuigusa. Kule chini kulikuwa na giza, kwa hiyo mkewe akajilaza pembeni anammulikia tochi. Filta ya zamani iligoma. Akazungusha, akaguna, jasho likamwingia machoni, mwisho ikatoka.

Mkewe akaishika ya zamani mkono huu, mpya mkono huu. Filta mpya mdomoni ina ringi ya mpira, ndiyo inayozuia oili isivuje.

"Baba Sekela, hii mpya ina mpira mdomoni. Ya zamani mpira wake uko wapi?"

Mnajua alijibu nini?

"Zamani walikuwa wanatengeneza bila mpira."

"Au umebaki kule juu? Ngoja nimulike..."

"Mama Sekela, nyamaza! Mulika hapa ninapofunga. Mimi kosa langu nilishajifunza siku nyingi. Nati iko wapi? Iko kwenye usukani! Naikaza mwenyewe, sasa utaniambia nini?"

Wapendwa, ule mpira wa zamani ulikuwa palepale, umegandamana na injini. Naye akafunga filta mpya juu yake. Mpira juu ya mpira! Akakaza, akarudisha nati, akamimina oili, akawasha. Injini ikanguruma taratibu pale uani, haikuvuja kitu. Akapapasa nati, kavu. Akapiga makofi, akacheza kidogo, nasikia.

Jumapili mama akatoka amevaa kitenge cha sikukuu kilicholala sandukuni mpaka mikunjo imekuwa mistari. Akafunguliwa mlango kwa nje, akaketi mbele, mkungu ameupakata. Mwanawe alitaka kuuweka nyuma, mama akakataa katakata. Nyuma alipanda Mama Sekela na majirani, na mahindi yao, na kuku, na mbuzi mmoja wa mzee wa kanisa. Wakaanza kupanda wanaimba, na mama anaimba kuliko wote!

Kwenye kona ya mwisho kanisa likaonekana, na kwaya inasikika kabisa. Mama akasema, "Nyimbo ni zilezile!" Machozi yakamtoka. Baba Sekela kuona vile, akakanyaga mafuta kwa furaha yote aliyokuwa nayo.

Pah! Kitu kikaachia huko chini. Mkewe akageuka, akaona oili inajichora barabarani nyuma yao. Akapiga paa la gari kwa kiganja: "Simama! Oili inamwagika, simama!" Na mbele ya usukani kitaa chekundu kikawaka.

"Mwanangu, hicho chekundu ni cha nini?"

Akasimama. Akashuka na suti yake, akalala chali kwenye vumbi na oili, akaingia chini. Nawauliza, akaenda kutazama wapi? Mnajua! Kwenye nati! Akaipapasa, ngumu, imekaza, haijalegea hata kidogo. Akatoka anatabasamu, oili inamchuruzika kisogoni.

"Nati nimekaza mwenyewe! Hakuna neno, twendeni."

"Hujatazama filta," mkewe akasema. "Oili inatoka kule kwenye..."

"Nyamaza, Mama Sekela! Ibada imeshaanza!"

Akawasha. Hawakufika mbali. Injini ikaanza kugonga huko ndani, ko, ko, ko, halafu ikakaa kimya. Imenoki. Msinitazame hivyo, siwezi kuwaambia kwamba ilifufuka. Haikufufuka.

Mkewe akakunja kitenge chake, akajilaza barabarani, akaangalia, akatoka.

"Mipira ni miwili," akasema. "Mmoja umechungulia nje kama ulimi."

Baba Sekela akafungua mdomo, na neno la kwanza lililotoka ni lilelile. "Lakini nati..."

"Nati ulijifunza, Baba Sekela. Siku ile niliiona juu ya tofali, ukaniambia ninyamaze. Jana nimeuliza mpira, ukaniambia ninyamaze. Na sasa hivi umeniambia tena, mbele za watu. Wewe ulijifunza nati tu."

Majirani wakajifanya wanatazama chai. Baba Sekela akasimama na suti yake iliyoharibika, akatazama gari alilolipenda, kisha akatazama dirishani akamwona mama yake, mkungu bado ameupakata, macho yako kule juu kwenye nyimbo. Aibu ikamshika, uchungu ukamshika, akalia waziwazi, mwanamume mzima. Halafu, jamani, natamani mngekuwepo! Akamgeukia mkewe akamuuliza jambo ambalo hakuwahi kumuuliza tangu amuoe.

"Mama Sekela, wewe unaona tufanye nini?"

Mwanamke hakutaka hata kusubiri abembelezwe. "Mbebe mama mgongoni. Mkungu nipe mimi mpaka mlangoni, pale nitamrudishia mwenyewe. Kilima hiki si kirefu, ni wewe uliyekiogopa."

Akapiga goti barabarani. Yule mama aliyembeba mgongoni akiwa mtoto, leo akapanda mgongoni kwake. Oili ya suti ikaingia kwenye kitenge cha sikukuu, mama wala hakujali. Na mtu aliyebeba mzigo mgongoni ameinama, haoni mbele. Anaona vidole vyake tu. Kwa hiyo ilibidi mama amwonee.

"Kushoto kuna jiwe."

"Naam, mama."

"Hapo pana tope, pita kulia."

"Naam, mama."

Mkewe nyuma: "Unatweta. Pumzika kidogo."

"Sawa, Mama Sekela."

Hivyo hivyo mpaka juu. Naam, naam, sawa, naam! Majirani na kuku wao wanafuata nyuma, wamesahau kuimba, wanasikiliza maneno hayo, maana hawakuwahi kuyasikia kutoka kinywani mwa mtu yule. Walipofika, sadaka zilishatolewa, wimbo wa mwisho unaimbwa. Watu wakageuka wakamwona, wakasimama, akina mama wakapiga vigelegele mpaka kwaya ikapotea kwenye wimbo! Mama akateremshwa mlangoni. Akaushika mkungu wake, mwana huku, mkwe huku, akatembea polepole katikati ya kanisa mpaka mbele. Akautoa mwenyewe, kama alivyosema.

Sasa nimewageukia. Nani bado anacheka?

Sisi ni hodari wa kujifunza nati. Mtu kinywaji kilimwangusha, amekiacha, na tunamshukuru Mungu. Ila yule ndugu aliyemwonya mapema mpaka leo hamsalimii. Mama alimpoteza binti wa kwanza kwa ukali, akajifunza, huyu wa pili hamfokei tena, ila binti akisema, "Mama, nina jambo," bado anajibiwa, "Si sasa hivi." Tunalishika kosa lile tulilokwisha liona, tunalifunga kwenye usukani, tunalihadithia mpaka msibani. Likija jingine kutokea upande mwingine, tunalala chali tunapapasa mahali pa zamani. Kavu! Tunasema hakuna neno.

Bwana yule hakufanya makosa mawili. Alifanya moja, mara tatu. Halikuwa kwenye nati wala kwenye mpira, lilikuwa kwenye sikio lake. Ule mpira wa zamani uliogandamana, ndugu zangu, ni lile neno "nyamaza". Unaweza kuweka vipya vingi juu yake, wokovu mpya, uongozi mpya wa kanisa, nyumba mpya, na pale uani injini itanguruma vizuri tu. Mambo yatavuja kilimani, siku umembeba mtu unayempenda.

Na mnisikie vizuri: gari alilipoteza. Kujifunza kwake kulimfikia akiwa ameinama, haoni mbele, anaongozwa na watu wawili aliozoea kuwanyamazisha. Mimi sitaki sisi tungoje mpaka injini inoki.

Yupo mtu nyumbani kwako aliyekuwa ameshika tochi, na akaona, na akaanza kusema, na ukamkata. Wewe unamjua. Wengine mmeketi naye benchi moja sasa hivi, nawaona mnavyoangalia sakafu. Leo, kabla wali haujapakuliwa, mwendee umuulize, "Siku ile, ulikuwa umeona nini?"

Kisha nyamaza wewe.