Bakuli Lililosogezwa

Mji wa Arua ulipopewa jina la jiji, mambo mengi yaliandamana na jina hilo. Zilikuja taa za barabarani, likaja vumbi la ujenzi, zikaja na harufu za vyakula ambavyo midomo ya West Nile, pembe hiyo ya Uganda, haikuwahi kuvitaja. Chini ya Arua Hill, karibu na ofisi za serikali, ilifunguliwa hoteli ya Wavietnamu yenye viti vyekundu. Kando ya soko kukawa na kibanda cha mikate ya kwao. Na kule mtaa wa Oli, si mbali na mto, mama mmoja mfupi wa Kivietnamu aitwaye Lan alipanga meza zake chini ya paa la mabati, akawa anachemsha mifupa tangu alfajiri mpaka supu inang'aa. Bei zake zilikuwa za mtu wa kawaida, lakini watu wa kawaida walipita mbali, wameziba pua.

Bibi Zam hakujua lolote kati ya hayo siku alipoletwa kutoka Koboko, amekonda kama uzi wa sindano. Bintiye Kadijah alimpokea kituoni, akashika mfuko kwa mkono mmoja na kiuno cha mama yake kwa mkono wa pili. Machozi yalimlenga, lakini hakusema, "Mama, umekwisha." Alisema tu, "Mama, shali yako imependeza." Daktari alimpima damu, akasikiliza kifua, asione ugonjwa wowote.

"Mama huyu hali," alisema. "Dawa yake ni chakula. Asipokula, mvua za mwaka huu hatazimaliza."

Kwa nini hakula? Bibi Zam alikuwa mpishi wa Koboko nzima. Katika familia za askari, harusi haikuitwa harusi kama sufuria yake haijapanda motoni. Kisha siku moja mumewe Yakani, askari mstaafu, alikula chakula cha mchana nyumbani kwake, akainuka ili akaswali, akaanguka na kufa. Daktari alisema ni moyo. Ndimi za mji zikasema ni sumu. Huko West Nile neno hilo si la mzaha. Mwenyeji huonja kwanza mbele ya mgeni, ndipo mgeni anyooshe mkono. Bibi Zam alionja, akaonja tena, lakini mikono ya majirani haikunyooka. Walimsalimu vizuri, hata kuni walimletea, ila chakula chake walikikwepa kama moto. Hapo hamu yake ya kula ikafa. Kila alipowekewa sahani aliisogeza kwa aliye karibu naye na kusema, "Karibu." Asipotokea mtu wa kutia mkono, naye hakutia.

"Mama, mimi si nakula na wewe kila siku?" Kadijah alimwuliza kwa uchungu.

"Wewe iko damu yangu," alijibu. "Damu inakula na damu. Huo hapana ushahidi."

Mjukuu wake Shakira, aliyekuwa akijifunza kushona hapo mjini, alilisikia jibu hilo akalitafuna kichwani. Jioni alikuja kukaa mkekani, akaanza kumkanda bibi yake miguu taratibu.

"Haboba," alisema, kwa maana hivyo ndivyo wajukuu wa Kinubi wanavyomwita bibi, "kesho tunaanza kutembea hoteli za Wavietnamu. Bei yake mimi naweza."

"Watu gani hao?"

"Watu ya mbali sana, ng'ambo ya bahari. Maneno ya Koboko haijafika kwao. Kwao wewe iko mama mzee amekuja kula, basi."

Bibi Zam alicheka kwa mara ya kwanza tangu aje Arua. "Haya. Maneno iko na miguu mingi. Tuone kama inajua kuogelea."

Hoteli ya viti vyekundu ndiyo waliyoanza nayo. Bibi Zam alipopewa vijiti viwili vya kulia alivigeuza geuza. "Hii ni ya kusuka nywele ama ya kula?" Mhudumu alikuwa kijana mwenye adabu, akamletea kijiko bila kumcheka. Lakini bibi alipomsogezea bakuli na kusema, "Karibu," kijana alirudi nyuma hatua moja. "Asante, mama, ila sheria ya hapa, mhudumu hali na mteja." Supu ikapoa, na Shakira akala ya watu wawili. Kwenye kibanda cha sokoni mambo yalikuwa vilevile. Mikate ilikuwa mirefu kama mkono, imejazwa nyama na pilipili, na kila mla mkate alisimama peke yake akitafuna na kutazama barabara. Bibi Zam aliukata wake, akampa muuzaji nusu. Muuzaji akasema ameshiba. Bibi akaufunga mkate katika shali yake.

"Chakula ya vita hii," alisema njiani. "Kila askari na yake."

Shakira alikaza moyo. Alijua imebaki hoteli moja tu, ile ya Oli, ambayo watu waliisema vibaya kuliko zote.

Walifika alasiri kwa bodaboda. Kabla ya yote Shakira aliuliza kuhusu nyama. Mama Lan, ambaye Kiswahili chake alikiokota sokoni, alimwonyesha sufuria mpya iliyotengwa peke yake. "Hii ya Waislamu. Kuku, Swaib wa msikiti anachinja. Nguruwe hapana gusa hii." Bibi Zam aliitazama sufuria ile, kisha akazitazama meza tupu. Mama huyu alikuwa amewanunulia sufuria wageni ambao bado hawajaja! Moyo wake ulitikisika kidogo.

Hapo Shakira akakumbuka kwamba fimbo ya bibi imebaki kwenye bodaboda, akatoka mbio kuifuata. Bibi Zam akabaki na Mama Lan. Mtu mwingine aliyekuwepo alikuwa mfanyabiashara wa simsim aliyekaa pembeni akingoja lori lake, mbele yake kikombe cha chai. Chai tu, kwa sababu chai haina mfupa wa kutiliwa shaka.

Bakuli la supu lilipowekwa mezani, mvuke ulipanda na kumfunika uso Bibi Zam. Alipochungulia aliona tambi nyeupe za mchele zimejikunja, vipande vya kuku, na majani mabichi yakielea kama yamechumwa sasa hivi. Ilinukia mdalasini na tangawizi, kama chai ya Idi. Na chini ya harufu hiyo ilikuwepo nyingine, nzito na kali, ile ambayo watu wa Oli waliizibia pua. Bibi Zam hakuziba pua. Alifumba macho. Ilikuwa harufu ya fasikh, samaki wa chumvi aliyeachwa mpaka akachacha, ambaye mama yake aliwapikia walipokuwa wadogo. Mtu wa ng'ambo ya bahari ameijuaje siri ya jiko la mama yake? Mate yalimjaa kinywani, jambo ambalo alikwisha kulisahau.

Lakini mazoea yana taabu. Aliusukuma ukingo wa bakuli kwa vidole. "Karibu."

Mama Lan alibadilika uso. Alidhani mzee ameikataa supu. Akainama kuomba radhi, akakimbilia jikoni, akarudi na sahani ya majani na karoti zilizofungwa ndani ya karatasi ya mchele. Bibi Zam aliinua kipande kimoja kwenye mwanga. Karatasi ile ilikuwa nyembamba kama ubawa wa kumbikumbi, na kila rangi ya ndani ilionekana. "Subhanallah," alinong'ona. Akaisogeza sahani. "Karibu." Mama Lan akatoka jasho. Alileta wali wa kukaanga, akaleta samaki wa ukwaju, akaleta bakuli la mboga chachu. Kila kilichokuja kilimwacha Bibi Zam kinywa wazi, na kila kilichokuja alikisogeza. Mmoja alifikiri, "Mzee huyu haridhiki." Mwingine alifikiri, "Mama huyu ni mkarimu ajabu, lakini kula nami hataki."

Shakira aliporudi na fimbo alisimama mlangoni kama aliyepigwa picha. "Haboba! Umeagiza hoteli nzima?"

"Hapana kula hata kijiko!" bibi alilalamika. "Yeye analeta, mimi nasema karibu, yeye anakimbia!"

Shakira alicheka mpaka akaegemea nguzo. Kisha akaeleza kwa maneno na kwa mikono: kwetu mtu hali peke yake, bibi anataka ukae mle pamoja. Mama Lan alijiziba mdomo. "Ooo! Mimi nafikiri chakula mbaya!" Naye akacheka, akavuta kigoda.

"Mama Lan, ngoja kwanza."

Aliyesema ni yule mfanyabiashara wa simsim. Jina lake Hamdani, naye alikuwa mtu wa Koboko. "Huyu mama mimi najua yeye. Kule kwetu watu hapana tia mkono sahani moja na yeye. Bwana yake alikula kwake, akafa. Mimi nakuambia kwa uzuri tu."

Shakira alifungua mdomo apige kelele, lakini vidole vikavu vya bibi vilimshika mkono.

"Wacha yeye," alisema Bibi Zam. "Hapana danganya. Watu wanasema hivyo. Yakani alikula kwangu, akafa. Na mimi nilikula sahani ile ile."

Kisha akachukua kijiko. Hakuwa mpishi wa chakula kile, alikuwa mgeni tu mezani. Hata hivyo alionja kila bakuli, moja baada ya jingine, polepole, mbele ya macho yote. Akaweka kijiko chini. Hakusema tena karibu. Aliinamisha kichwa akangoja, kama mtu anayengoja hukumu.

Mama Lan alimgeukia. "Mama, wewe unapika?"

"Zamani."

Mama Lan akazionyesha meza zake tupu. "Mimi hapa, watu wanasema supu yangu ya nyoka. Wanasema ya mbwa. Wanapita hivi," akaziba pua. "Kila siku napika. Jioni namwaga." Alijigusa kifuani. "Hii mimi najua."

Hamdani akakitazama kikombe chake cha chai.

Mama Lan alikiokota kijiko kile kile alichoonjea bibi, akakitia katika bakuli lile lile, akala. Hakula kwa kujaribu, alikula kwa njaa, kama mtu ambaye naye hakuwa ameionja ladha ya mkono wake kwa siku nyingi. Maana nani hufurahia chakula chake ikiwa kila mtu anakikimbia? Alipomeza, alilirudisha bakuli kwa bibi kwa mikono miwili.

"Karibu, mama."

Bibi Zam akala. Koo lililofungwa miaka lilifunguka kama mlango uliopata ufunguo wake. Machozi yalimtiririka yakaingia kwenye supu, wala hakuyafuta. Shakira alisimama ameshika fimbo kifuani, asithubutu hata kukaa, kwa kuogopa kuukatiza muujiza.

Ghafla Hamdani aliinuka na kutoka. Shakira akadhani anakwenda kuyaeneza maneno. Lakini nje walisikia maji yakimwagika kutoka kwenye jerikani, na Hamdani akaingia tena, mikono juu, ikidondosha maji.

"Mama Zam," alisema kwa sauti ndogo, "harusi ya mama yangu wewe ulipika. Mpaka leo anaisifu. Mimi nilifuata midomo ya watu. Ile karibu yako iko bado?"

Bibi Zam alimwangalia juu hadi chini. "Iko. Lakini wewe mutu ya chai, nyoka utaweza?"

Kicheko kilichozuka kiliwaleta wapita njia mlangoni. Hamdani alivuta kiti, akatia mkono kwenye samaki wa ukwaju, na wote wakaona.

Mdomo uliokuwa umebeba uvumi ndio uliobeba habari njema kurudi Koboko pamoja na magunia ya simsim. Hoteli ya Mama Lan ikaanza kupata watu, kwanza kwa udadisi, halafu kwa njaa. Bibi Zam alikula humo mpaka mashavu yakamrudia, huku akimfundisha Mama Lan kupika bamia, naye akifundishwa kukunja karatasi ya mchele bila kuichana. Mvua za mwaka ule alizimaliza. Idi ilipofika alikuwa nyumbani kwake Koboko, sufuria kubwa motoni, na majirani wale wale wamekaa mkekani wakisubiri, kichwa chini kwa haya. Aliwahudumia bila kumkumbusha mtu lolote. Alionja kwanza, kama desturi, na kabla hajakiweka kijiko, mikono ilikuwa imekwisha kujaa siniani.

Watu wa Koboko walikuwa na pole, kuni na salamu, lakini tiba yake hawakuwa nayo. Ilibidi itoke ng'ambo ya bahari, mkononi mwa mama aliyekuja kutafuta riziki yake Oli. Ndipo yeyote aliyeliona sinia lile siku ya Idi akakubali kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone.