Chewa Aliyemeza Sauti ya Raya

Sogeeni karibu, na anayesinzia mfinyeni, kisa kinaanza.

Palikuwa na mama mmoja, Mwanakombo, na bintiye Raya. Siku moja Raya alikuwa akiimba gatini, chewa mkubwa kama mlango akaibuka, akaimeza sauti yake. Mtoto akabaki bubu.

Kesho yake asubuhi Mwanakombo akaenda gatini na mshipi mnene, Raya nyuma yake. Akatia chambo cha dagaa, akatupa. Chewa akanasa, akavuta, mshipi ukakatika. Akacheka kwa sauti ya Raya.

Mama akafunga ndoano nyingine, akatia ngisi, akatupa. Chewa akanasa, akalia: "Mama, unaniumiza! Legeza!" Ilikuwa sauti ile ile ya mwanawe. Moyo ukamlegea, naye akalegeza. Chewa akachomoka.

Mara ya tatu akatia pweza mzima. Chewa akanasa, akalia: "Mama, nakufa! Legeza!"

Machozi yakamtoka Mwanakombo. Lakini Raya akaja, akatikisa kichwa, akaushika mshipi pamoja naye.

"Mwanangu huyu hapa," mama akasema. "Sauti hiyo si yako. Irudishe!"

Wakavuta, wakavuta, wakavuta, hata viganja vikachunika. Chewa akaanguka juu ya gati, kinywa wazi, na sauti ikatoka kama upepo, ikamwingia mwenyewe.

Raya akakohoa. "Mama," akasema, "mikono yako inatoka damu."

Mwanakombo akacheka huku analia. "Sema tena, mwanangu. Sema lolote."

Siku hiyo mji mzima ulikula chewa. Mimi nilipewa kichwa, na nilipokimaliza nikaja kuwasimulia.