Skrubu Tatu za Darubini

Kidole kimoja hakivunji chawa. Wahenga walimaanisha kwamba zipo kazi ambazo mtu mmoja, hata awe hodari kama nini, hawezi kuzimaliza peke yake.

Fundi saa mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Sekunde, aliusikia msemo huo tangu utotoni, lakini uliingia sikio la kulia ukatokea la kushoto. Kwa miaka arobaini alifufua saa za watu bila msaidizi. Sasa macho ya mkewe, mshonaji, yalikuwa yanafifia kama taa inayoishiwa mafuta, na daktari alikwisha sema kuwa mwaka hautaisha kabla ya giza kuingia. Mama huyo hakulia. Alisema tu kwamba angependa kuuona mwezi kwa karibu, japo mara moja. Mumewe akamtafutia darubini ya mtumba, yenye vioo viwili.

Kumbe vioo vilikuwa vimehama njiani, na mwezi ulionekana kama doa la maziwa. Kijitabu cha maelezo kilichokuja nayo kilieleza: chungulia kwenye tundu lililo karibu na mdomo wa bomba, na uzungushe skrubu tatu za kitakoni mpaka alama nyeusi ya kioo kikubwa ikae katikati. Sekunde akachungulia, akakimbilia kitakoni, akazungusha, akarudi. Alama imekimbilia upande mwingine! Jioni tatu alihangaika hivyo kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Baba watoto, nikusaidie?"

"Utasaidia nini na macho hayo?"

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Mkewe akarudi ndani, akipapasa ukuta.

Jioni ya nne Sekunde alizikaza skrubu zote kwa hasira, maana kwake dawa ya kila kilichomsumbua ilikuwa kukikaza. Alama ikatoweka kabisa. Akaketi sakafuni pale barazani, akamwita mkewe.

"Nimeshindwa. Na lile neno, mke wangu, nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Ila niambie, skrubu huzungushwa kwa macho?"

"Kwa vidole."

"Basi nenda kwenye tundu lako. Mimi nilikuwa natunga uzi kwenye sindano hata umeme ukikatika."

Mke akapiga magoti kitakoni. Mume akachungulia.

"Ya juu, legeza. Zaidi. Rudisha kidogo... polepole, si cherehani hiyo!"

"Na mimi si mwanagenzi wako. Sema vizuri."

"Ya kushoto, tafadhali, mama."

Alama ikajitokeza, ikateleza taratibu, ikatulia katikati. Sekunde akabaki amegandisha jicho kwenye tundu.

"Umelala huko?" mkewe akauliza.

Nusu mwezi ulikuwa umesimama juu ya bati la jirani. Sekunde alielekeza darubini, akamshika mkewe mabega na kumsogeza kwenye lenzi. Mkewe akatazama kwa muda mrefu.

"Mbona mwezi una makovu mengi hivi," alinong'ona, "kama magoti ya watoto wetu walipokuwa wadogo."

Sekunde alifuta uso kwa kiganja. Fundi wa miaka arobaini alikuwa ameelewa, safari hii kwa masikio yote mawili, kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.