Kiti Kilicholipiwa kwa Jumatano

Wapendwa, kaeni vizuri. Na ninyi wa viti vya nyuma mlioanza kusinzia kabla sijafungua mdomo, sogeeni mbele kidogo. Leo nina habari ya mama mmoja muuza vitumbua. Msianze kuangaliana. Mama huyu nimemtunga mwenyewe jana nikinyoa ndevu. Akifanana na jirani yako, hayo mtamalizana wewe na jirani yako.

Mama huyu alikuwa na binti mmoja na hofu moja. Hofu yenyewe ilimwanzia zamani. Alipokuwa msichana alichaguliwa kwenda sekondari ya bweni, na baba yake akasema, tungoje kwanza kahawa iuzwe. Wakangoja. Kahawa ikauzwa, sanduku likanunuliwa, godoro likafungwa kamba, baba na mwana wakashika njia. Walipofika, mwalimu wa zamu akawatazama kwa huruma akasema, mzee, mmechelewa, nafasi ya mtoto huyu tumempa mwingine. Basi. Msichana akarudi nyumbani na godoro lake kichwani, na kijiji kizima kikamwona akipita nalo. Tangu hapo hakuogopa njaa wala wachawi. Aliogopa kitu kimoja tu, kwamba siku moja mwanawe naye atasimama mlangoni aambiwe nafasi yake kapewa mwingine.

Kwa hiyo aliposikia kwamba chuo cha uuguzi kule mjini kimeanzisha utaratibu wa kulipia ada mapema, moyo ulimdunda. Utaratibu wenyewe ni rahisi, hata mimi ambaye hesabu zilinishinda nimeuelewa. Una mtoto mdogo, unalipa kidogo kidogo kwa bei ya leo. Ada ikipanda huko mbele, haikuhusu. Mtoto akikua, anakuta kiti chake kimelipiwa. Ni jambo jema. Sikusimama hapa kulisema vibaya, na mwenye uwezo wa kufanya hivyo afanye.

Mama akaandikisha jina la bintiye, binti mwenyewe akiwa bado na mapengo mdomoni. Watu wa pale mtaani walimcheka, wakamwambia, wewe unanunulia mtoto gauni la harusi hajaanza hata kuoga mwenyewe. Akawajibu, akiba haiozi.

Sasa, hela ilitoka wapi? Ilitoka gulioni. Siku nyingine za juma vitumbua vyake vilikuwa vya kununulia chumvi na mafuta ya taa, lakini Jumatano, siku ya gulio, watu walishuka kutoka milimani na matumbo matupu. Na ninyi akina mama mnajua, vitumbua vya gulioni havitaki mtu mmoja. Anayegeuza vitumbua mikono imejaa mafuta. Akiacha kikaango apokee hela, vinaungua. Akimimina chai, vinaungua. Lazima awepo wa pili, wa kumimina chai na kurudisha chenji. Msaidizi wa kuajiri atataka ujira wake, na ujira huo ungetoka kwenye ada. Basi wa pili akawa binti.

"Ni Jumatano tu," mama alimwambia. "Siku nyingine zote unakwenda shule."

Na kweli, siku nyingine zote alikwenda.

Mama akalipa, lakini msidhani kulipa kulimtuliza. Hofu ilihama tu. Kwanza aliogopa nafasi kukosekana, sasa akaogopa chuo chenyewe. Je, kikiungua moto? Je, mhasibu akitoroka na hela zetu? Je, wakubwa wakiamua kukihamisha? Kila kiangazi alijifunga kitenge chake kizuri akapanda gari mpaka mjini, si kulipa, kukagua. Alisimama getini akalitazama paa, kisha akaufuata ukuta akiugusa kwa kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Mlinzi akamuuliza, "Mama, unatafuta nini?"

"Naangalia kama kipo."

"Kama kipo nini?"

"Chuo."

Mlinzi akacheka. "Kipo, mama. Hata jana kilikuwepo."

"Na kesho?"

Mlinzi akaacha kucheka, akageuka naye kulitazama paa.

Naona mnatabasamu. Haya, tabasamuni. Lakini niambieni, nani kati yetu hajawahi kugusa ukuta wa namna hiyo? Nani hajapeleka mtoto mahali, akalipa, akarudi nyumbani, na kesho yake akaenda kuchungulia getini? Mama yule nisingemcheka mimi.

Binti akaingia sekondari. Mwaka wake wa pili, siku ya gulio, saa nne ya mapumziko, akaja mezani mwalimu wake wa baiolojia. Akanywa chai iliyomiminwa na mwanafunzi wake mwenyewe, kisha akamgeukia mama.

"Mama, huyu binti Jumatano simwoni darasani. Na Jumatano ndiyo siku yetu ya maabara."

"Mwalimu, wewe fundisha," mama akamjibu kwa heshima zote. "Kiti chake cha uuguzi nimeshaanza kukilipia."

Akamwongezea vitumbua viwili bure. Mwalimu akavila, akaenda zake. Walimu mliomo humu ndani, msiangalie dari.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja ya gulio, kikaango kikiwa ndiyo kwanza kinapata moto, binti akasimama mbele ya mama yake amevaa sare.

"Mama, leo naomba niende shule. Leo tunapasua chura."

"Mnapasua nini?"

"Chura. Tunamfungua tumwone moyo wake, mapafu yake, kila kitu kilivyokaa. Mwalimu amesema hatarudia."

Mama akatazama nje. Watu walishaanza kuteremka mlimani na mizigo yao. Akamtazama binti, akamwonea huruma. Nataka mlijue hilo, mama huyu hakuwa katili. Alimpenda mtoto yule hadi mbavu zinauma. Lakini papo hapo akaliona lile godoro, akajiona mwenyewe analirudisha nyumbani kichwani, na hofu ikamziba masikio.

"Chura yuko mtoni kila siku, mwanangu, haendi popote. Wanaoondoka ni wateja. Vua sare isiingie mafuta."

Binti akavua sare. Siku ile, wapendwa, waliuza kuliko siku zote.

Kidato cha nne kikafika. Malipo ya mwisho yalikamilika mwaka uleule, na mama akawapikia majirani pilau. Waliomcheka wakala mpaka ukoko. Kwa mara ya kwanza tangu usichana wake alihisi mabega yamemshuka. Kiti kimelipiwa chote. Hakuna wa kukichukua.

Ikaja siku ya mtihani wa baiolojia wa vitendo. Jioni binti akarudi, akakaa kwenye kigoda, akavua viatu taratibu. Mama alikuwa anachekecha unga.

"Mtihani ulikuwaje?"

Binti akavipanga viatu ukutani.

"Mama, walituwekea chura."

Mama akaacha kuchekecha.

"Kila mtu na chura wake mezani," binti akasema. "Wenzangu wakaanza. Mimi nilikishika kisu, lakini sikujua nianzie wapi."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira. Mama akashika tena chekeche. Akaendelea kuchekecha unga uliokwisha kuchekechwa.

Matokeo yalipotoka, baiolojia alikuwa ameanguka. Hata hivyo mama akajifunga kile kitenge chake kizuri, akamchukua bintiye, wakaenda mjini. Akilini mwake kiti ni kiti, na aliyelipa amelipa. Msajili wa chuo, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, akawakaribisha wakae.

"Kiti cha binti yako kipo, mama," akasema. "Umekilipia chote na hatujampa mtu mwingine. Lakini hapa anakwenda kushika wagonjwa. Bila kufaulu baiolojia sina ruhusa ya kumpokea."

Mama akainua macho. Paa lilikuwa zima. Kuta zilikuwa zimesimama. Mhasibu alipita mlangoni akawasalimia, hakuwa ametoroka. Yote aliyoyaogopa miaka yote ile, hata moja halikutokea.

Msajili akamtazama binti, akamwuliza mama kwa wema kabisa, "Lakini huyu anaonekana mwelewa. Kwa nini baiolojia ilimshinda?"

Na mama akajibu, macho yakiwa chini, "Siku za baiolojia alikuwa ananisaidia kukilipia hicho kiti."

Wapendwa, hapo ndipo nilipokusudia kuwafikisha.

Mtaniuliza, ikawaje? Alirudia mtihani? Chuo kilimngoja? Mimi sijui. Nimeiacha habari bila mwisho kwa makusudi, kwa kuwa wengi wenu watoto wenu bado wako darasa la tatu, na mwisho wake uko mikononi mwenu.

Mama yule alimwekea mwanawe akiba, akasema haiozi, na alisema kweli. Lakini mtoto si akiba, ndugu zangu. Mtoto ukimweka pembeni Jumatano hii, ukija kumchukua Jumatano ijayo si yule uliyemwacha. Alikuwa na swali, ameshalisahau. Alikuwa na chura wa kufungua, wenzake wameshamfungua na wameosha mikono.

Na sisi je? Sisi tunaoamka kabla ya jogoo kwa ajili yao, tukarudi wameshalala, na tukiulizwa tunasema, ni kwa ajili yao? Tunamlipia mtoto kesho yake kwa kumnyang'anya leo yake, kisha tunashangaa kesho inapomkataa. Tunajua ada imefika wapi, hatujui mtoto amefika wapi. Tunaomba, Mungu, ilinde akiba ya mtoto huyu, na mtoto mwenyewe amesimama pembeni yetu na birika mkononi, anatazama njia ya shule.

Lipeni ada, ndiyo. Lipeni mapema mkiweza. Lakini msilipe kwa kile kile ambacho mtoto atakihitaji akifika. Afadhali vitumbua vichache viungue.

Leo ni Jumapili. Gulio ni mtondo, Jumatano. Saa nne nitapita kwenye meza zenu, na hela yangu nitakuwa nayo, msiseme mchungaji anapenda vya bure. Nitaagiza chai na vitumbua vyangu viwili. Na kabla sijaonja, nitaangalia kwanza ni mkono wa nani unaonimiminia.