Gauni Lenye Nyuzi Zinazoning'inia

Wapendwa, nianze kwa kutubu. Mama mmoja wa kanisa hili aliwahi kuniambia mahubiri yangu yanazunguka sana, nami nikamnunia muda mrefu. Alishanisamehe, na sasa hivi ananicheka pale alipokaa. Basi mfano huu uanze na mimi.

Kulikuwa na mwanamke mmoja mwenye karakana ya kushona, na mafundi chini yake. Kwaya ikampa kazi ya magauni ya Pasaka. Kitambaa kilikuwa cha mwisho, mji mzima hakuna kingine. Akikosea, jina lake limekwisha.

Akawapima waimbaji wamesimama wima, mikono chini. Akakata gauni la kwanza, la kiongozi wa kwaya, akaliunga kwa bandi, ile mishono mirefu ya muda ambayo ukiivuta inaachia. Kisha akalifunika shuka. Alitaka walione kazi ikiisha, wapige vigelegele.

Mara akaingia kiongozi wa kwaya, mama wa mwili na maneno.

"Chini ya shuka kuna nini?"

"Utaliona Pasaka, dada. Bado nyuzi zinaning'inia, utanicheka."

"Nikucheke leo tukiwa sisi tu, au Pasaka mbele ya askofu? Chagua, mdogo wangu."

Mwenye karakana akafunua shuka, kiongozi akalivaa gauni. Jamani, lilimkaa! Mafundi wakapiga makofi. Mwenye karakana akashusha pumzi.

"Haya, vua nikalipige cherehani."

"Ngoja kwanza. Sijaimba."

Akaanzisha pambio, akarusha mikono juu. Prrr! Makwapa yote mawili yakaachia.

Mwenye karakana akakaa chini, machozi yanamlenga. "Dada, umeniharibia gauni."

"Nimekata uzi tu. Kitambaa kizima hiki, tazama."

Akatazama. Kweli, kizima. Akaiwaza kwaya nzima ikirusha mikono siku ya Pasaka ndani ya magauni yaliyokwisha kupigwa cherehani, kitambaa chenyewe kikipasuka, na kicheko kikamtoka mpaka akashika meza.

"Waiteni waimbaji wote," akawaambia mafundi. "Waje wacheze. Safari hii nawapima wakicheza."

Karakana ikageuka ibada. Na Pasaka ile mikono ilipanda juu, wala hakuna kwapa lililolia.

Sasa sisi je? Wewe mwenye duka, wewe unayeongoza kikundi, wewe mzazi uliyejifungia na mipango ya nyumba nzima, umefunika nini kwa shuka? Mbona tunawaita watu tukishamaliza, tunapotaka makofi tu? Tunaona aibu ya nyuzi, kumbe Mungu anatujalia zile nyuzi ili kitambaa kipone. Mwenzako akirusha mikono leo na kitu kikaachia, mshukuru, cheka naye, shona upya.

Nami nina ombi. Mahubiri ya Jumapili ijayo bado yana bandi. Mama yangu wewe unayenicheka, njoo Jumamosi uyasikilize kwanza.