Jirani wa Bi Chozi

Hapo zamani za kale, enzi ambazo babu yangu alikuwa bado hajavaa kaptula, wanyama walifanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi wenye uwezo walifunga mizigo wakaenda kupumzika msituni. Msinicheke, ndivyo nilivyosimuliwa.

Katika msitu mmoja aliishi Bi Chozi, ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, anayefyonza utamu wa maua. Alikuwa na makinda wawili, hawajaota unyoya hata mmoja. Kiota chake alikining'iniza kwenye mchongoma, mkono mmoja tu kutoka nyumba ya Nyigu. Wenzake walimwona kachanganyikiwa. Yeye aliwajibu kwamba Nyigu ni mkali kwa kila mtu isipokuwa anayemsalimia, na yeye humsalimia kila asubuhi.

Jumamosi hiyo kikasikika kishindo, tii, tii, tii. Wakatokea Nyati na Fisi, kofia pana kichwani, darubini shingoni, na kamera yenye lenzi ndefu kama bomba la maji. Walikuwa wanachama wa chama cha watazama ndege. Chama kilikuwa kinatafuta mwenyekiti, na sharti lilikuwa moja: awe na picha ambayo mwanachama mwingine hana. Basi wawili hao walikula sahani moja, walilala hema moja, na hawakuaminiana hata chembe.

Fisi ndiye aliyekiona kiota. Picha ya chozi akiwa juu ya ua, kila mwanachama alikuwa nayo. Ya makinda wa chozi, tena uchi, hakuna aliyekuwa nayo. Tatizo ni matawi, yalizuia mwanga na picha ingetoka nyeusi. Nyati akachomoa panga.

Bi Chozi akaruka, akasimama mbele ya pua yake. "Bwana Nyati, nakuomba. Kivuli hicho ndicho nguo yao. Ukikata, jua litawaua kabla ya adhuhuri."

"Ni dakika tano tu, mama."

"Na baada ya dakika tano matawi yatarudi yenyewe?"

Nyati akainua panga. Fisi akasema kwa upole kwamba picha nzuri haikosi maumivu kidogo. Rahisi kusema, maumivu yakiwa ya mwenzako.

Kupigana na nyati ni kichekesho, na kuomba alishaomba. Bi Chozi akawatazama wanawe, akalitazama panga, kisha akaitazama nyumba ya jirani. Akakohoa kidogo.

"Haya, kateni. Ila nawaonea huruma. Mmetoka mbali kote huko, na hapo nyuma yenu anaishi jirani yangu ambaye hajawahi kupigwa picha na chama chochote."

Panga likashuka. "Jirani gani?" akauliza Fisi.

"Huvaa manjano na nyeusi. Ana kiuno chembamba. Nyumba yake ameijenga kwa karatasi aliyoitafuna mwenyewe, ina vyumba arobaini."

"Arobaini?"

"Ana familia kubwa. Na kila mmoja ana mabawa manne."

Nyie mmeshajua, lakini nyamazeni, mtamharibia. Nyati alitoa daftari akaandika: manjano, nyeusi, mabawa manne. Hakujiuliza lolote. Aliyeuona uenyekiti kwa karibu namna ile angeandika hata mabawa sita.

Fisi akataka kujua kama anaimba. Bi Chozi akasema anavuma tu, lakini ukimsikia mara moja humsahau. Kisha akawaonya kwamba mluzi haumtoi. Anataka hodi ya nguvu, na mpiga picha asogee karibu sana, maana mwenyewe ni mdogo.

Fisi akainyakua kamera, akapeleka pua mlangoni. Nyati akaona uenyekiti unaondoka, naye akaleta yake, wakabanana shavu kwa shavu. Bi Chozi alikwisha kuwafunika watoto wake kwa mabawa.

"Hodi," akasema Nyati, akagonga kwa pembe. Ngo. Kimya.

"Hodi." Ngo, ngo. Kimya.

Mara ya tatu alitia nguvu zake zote, nyumba ikayumba.

Vuuuuu!

Fisi alipata za puani. Nyati alipata za midomoni, masikioni, na kwingine ambako sitakutaja mbele ya watoto. Waliacha panga, hema na chai ya moto, wakakimbia, chubwi, chubwi, mtoni, na mpaka jioni zilionekana pua mbili tu juu ya maji. Kamera iliangukia jiwe, ikapiga picha moja yenyewe, khacha.

Nyigu hasira zilipomwisha alipita kwa jirani yake. "Bi Chozi, wageni wako hawana adabu. Mtu anabisha hodi kwa pembe?"

"Unisamehe, jirani. Ni watu wa mjini." Kisha akaenda kuwatafutia wanawe chakula, na baada ya wiki mbili wote wawili waliruka.

Na ile picha? Wanachama wenzao waliiokota kamera, picha ikasafishwa, ikaletwa mbele ya chama. Ilionyesha makalio mawili yakikimbia, yamevimba vizuri. Kweli hakuna mwanachama mwingine aliyekuwa nayo. Lakini mwenye kamera alitakiwa aeleze makalio hayo ni ya nani, na Nyati akaapa kwamba kamera ni ya Fisi, Fisi akaapa kwamba ni ya Nyati. Kiti cha mwenyekiti kikabaki kitupu.

Basi, wanangu, mwenye uchu wa sifa hasomi hata alichokiandika kwa mkono wake mwenyewe.