Alama ya Zimwi Kwenye Mtungi Mbichi

“Reale arobaini, na sipunguzi hata moja!”

Ndivyo Sikudhani mfinyanzi alivyomfokea zimwi, wenzangu, mbele ya kibanda chake. Zimwi aliagiza mtungi. Badala ya kutaja bei mbele ya watu, akachora mstari kwa ukucha kwenye udongo mbichi wa mtungi huo, akasema, “Huu ni ufupisho wa mapatano yetu.” Na mama wa watu akakubali! Ningekuwepo ningempigia kelele.

“Reale zipi, bibi?” zimwi akacheka. “Mstari ule maana yake ni mvua.”

Papo hapo mvua ikamwagika, kuni zikalowa.

“Nataka reale zangu!”

“Maana yake ni ukimya.”

Majirani wakafumbua vinywa, sauti hazikutoka.

“Zimwi, nilipe!”

“Maana yake ni binti yako.”

Siwema, binti yake wa pekee, akaanza kugeuka udongo: nyayo, magoti, kiuno. “Mama, siisikii miguu yangu!”

Sikudhani akaukimbilia mtungi. Wafinyanzi wa kwao hawachomi chombo kabla ya kulipwa, na mtungi ule ulikaa upenuni, mbichi bado. Akachota maji kwa kata, akaudondoshea mstari. Ncha yake ikayeyuka, na kidole cha zimwi kilichouchora kikamomonyoka, kikaanguka chini.

“Bibi, tuzungumze! Mstari una maana nyingine, nzuri nzuri!”

Udongo ulikwisha kufika kifuani pa Siwema. Sikudhani akainua kata iliyojaa juu ya mstari.

“Sitaki maana. Nirudishie mwanangu.”